Mkufunzi na Kona ya Ukuta

Hofu ya mwamuzi huonekana miguuni kabla ya kuonekana usoni. Uso unaweza kuufundisha. Ukikaa mbele ya kioo majuma machache utajua kuukausha hata watu wakikutukania mama yako. Miguu haifundishiki hivyo. Mwamuzi anapoogopa, miguu humsogeza mahali asipotakiwa kuwa, kidogo tu, hatua moja ndani au hatua moja nyuma, na hapo alipofika haoni tena kitu. Halafu anapiga filimbi kwa kukisia, au haipigi kabisa, na watu wanasema hajui sheria. Sheria anazijua. Amesimama pabaya tu.

Haya nilifundishwa na mzee mmoja wa hapa Arusha ambaye sisi waamuzi wa mpira wa kikapu tulimwita Mkufunzi, hata wale waliomzidi cheo. Siwezi kumweleza bila kueleza kona moja ya uwanja mmoja, kwa sababu katika kona hiyo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa popote, na kwa sababu katika kona hiyohiyo ndipo nilipomfahamu kweli.

Uwanja wenyewe uko upande wa Themi. Ni wa saruji, hauna paa, na siku isiyo na mawingu Mlima Meru unaonekana juu ya goli moja kama mtazamaji aliyekosa kiti. Nyuma ya goli la pili kuna ngazi za watazamaji, na ngazi hizo zimejengwa karibu mno na mstari wa mwisho. Kinachozitenga na uwanja ni ukuta mfupi unaofika kiunoni. Ukuta huo una upenyo mmoja, pale konani, wa kupita mtu mmoja mnene au wawili wembamba. Timu ya mtaa ule huvaa zambarau, na mashabiki wake hukaa kwenye ngazi hizo. Mwamuzi akisimama kona ile, mashabiki wako nyuma ya shingo yake. Anasikia wanavyotafuna karanga. Anasikia pia wanachosema watamfanyia.

Mkufunzi alikuwa na duka la vitambaa mjini, mwendo mfupi kutoka Mnara wa Saa. Alikuwa wa zile familia za Kihindi zilizokaa mjini hapa muda mrefu hata hakuna anayeuliza tena zilikotoka. Darasa letu lilikuwa dukani, kwenye meza ndefu ya kukatia vitambaa. Alikuwa anachukua chaki ya fundi cherehani, anachora uwanja mezani, kisha anamwaga vifungo. Vifungo vyeusi timu moja, vyeupe timu ya pili, na vifungo viwili vikubwa vya koti ndio waamuzi.

“Huyu wa mbele,” alikuwa anasema, akisukuma kifungo kimoja hadi kwenye mstari wa mwisho, karibu na goli, “ndiye anayetangulia mpira. Huyu wa nyuma anaufuata. Mpira ukigeuka kwenda upande mwingine, wa nyuma anakuwa wa mbele, na wa mbele anakuwa wa nyuma. Kama watu wawili wanaokunja shuka.”

Wateja waliingia katikati ya somo. Siku moja mama mmoja mfanyabiashara wa soko la Kwa Mrombo alisimama akatutazama, watu wazima tumeinamia vifungo.

“Mzee, siku hizi unauza vitambaa au unachezesha kamari?”

“Nauza macho, mama. Vitambaa ni nyongeza.”

“Basi nipimie macho ya gauni.”

Akampimia, wakacheka wote wawili, na mkono wake mmoja ulikuwa bado umeshikilia kifungo cha mwamuzi kisiteleze kutoka mahali pake.

Somo lake kubwa kuliko yote alilifundisha kwa majora mawili ya kitambaa. Aliyasimamisha mezani, moja mbele ya jingine, akamwita mwanafunzi mpya asimame nyuma yake. “Yamegusana au hayajagusana?” Mwanafunzi anasema yamegusana. “Sogea hatua moja pembeni.” Anasogea, na mwanga wa mlangoni unapita katikati ya majora yale, mwanya mpana wa kiganja. “Umemnyima mtu haki yake,” Mkufunzi anasema, “na hukuwa na nia mbaya. Ulisimama pabaya.”

Ukilishika hilo, umeshika nusu ya kazi yetu. Mpira hauwezi kucheza faulo, wanaocheza faulo ni watu. Kwa hiyo usiutazame mpira, utazame mwanya kati ya anayeshambulia na anayelinda. Na mwanya hauonekani ukiwa nyuma ya mtu, wala ukiwa umejibana chini ya goli. Unaonekana kutoka pembeni, ukiwa umepanuka hadi karibu na kona. Usiogope kama hulielewi mara moja. Mimi lilinichukua msimu mzima.

Kwa mavazi alikuwa mkali kama mama mkwe. Suruali ya kijivu ipigwe pasi, ncha za kamba za viatu zifichwe ndani. Siku ya mechi hakunywa hata maji ya timu yoyote. Alikuja na chupa yake ya chai ya tangawizi na kikombe chake cha bati chenye rangi ya bluu iliyobanduka. Kabla ya mchezo alivua viatu akauzunguka uwanja peku ili nyayo zake zijue palipochimbika. Makocha wote wawili aliwapa mkono mmoja baada ya mwingine, kwa muda uleule, na maneno yaleyale: “Tuwe na mchezo mwema.” Kocha mmoja rafiki yake, waliyekuwa wakinywa naye chai dukani kila juma, alijaribu siku moja kumshika mkono muda mrefu zaidi na kumuulizia mke wake. Mkufunzi akautoa mkono taratibu. “Hajambo,” akasema, kisha akaenda kwa kocha wa upande wa pili akasema, “Na mke wangu hajambo,” ili wawe sawa.

Matusi hayakumkosa. Kulikuwa na mzee mfugaji kutoka mashariki ya mlima aliyekuja kumtazama mjukuu wake akicheza, akawa anapaza sauti kila filimbi ikilia, “Mhindi, rudi dukani!” Mkufunzi alimvumilia hadi mapumziko, kisha akamsogelea na kumjibu kwa Kimeru kisafi. Sikusikia alichosema, maana nilikuwa mbali, lakini mzee yule alicheka hadi fimbo ikamdondoka, na kipindi cha pili alikuwa anawanyamazisha wengine.

Wala hakuwa mtu wa kujifanya hakosei. Niliwahi kuwa naye uwanjani alipoipa mpira timu isiyostahili. Kocha akamjia amevimba. Mkufunzi akamwambia, “Nimekosea, kocha. Nilikuwa nimesimama pabaya.” Kocha akarudi benchi. Baadaye nikamuuliza kama hakuogopa kujishusha.

“Niliogopa,” akasema. “Mwamuzi asiyeogopa ni mtazamaji aliyepewa filimbi.”

Aliongea sana juu ya hofu, lakini hofu ya jumla. Yake mwenyewe hakuisema. Nilikuja kuiona kwa macho.

Kuna kanuni ambayo Mkufunzi aliifundisha kwa ukali kuliko nyingine. Faulo ikipigwa filimbi, mwamuzi aliyeipiga anakwenda kuieleza mezani kwa waandishi wa matokeo, na wakati mchezo unaanza tena, waamuzi wanabadilishana nafasi. Aliyekuwa akisimamia goli hili anahamia lile. Ni kitu kidogo, mtazamaji hata hakioni. “Tunabadilishana,” alikuwa anasema, “ili goli lisiwe na mwenyewe. Timu isiseme, yule ndiye anayetuua hapa. Na wewe usizoee upande mmoja ukawa kama kwako.”

Katika viwanja vyote alibadilishana kama saa. Katika uwanja wa Themi, hapana. Ilinichukua muda kugundua, kwa sababu alilifanya kwa ustadi. Akitoka kueleza faulo mezani, kama kubadilishana kungempeleka upande wa ukuta, alininyooshea kiganja chini, pale pajani, ishara ndogo ya mtu anayemwambia mtoto akae. Baki. Nami nilibaki. Nani angembishia Mkufunzi? Na zile mara chache faulo ilipopigwa na mimi, nikabadilishana, akalazimika kwenda upande ule, hakupanuka hadi konani. Alijibana chini ya goli, palepale alipotukataza sisi.

Nikaanza kuitazama meza yake ya vifungo kwa jicho jingine. Uwanja wa chaki ulikuwa na kona nne, na kifungo cha mwamuzi kilipelekwa katika kona tatu.

Kulikuwa na kitu kingine. Hakuvaa filimbi shingoni. Aliifunga vidoleni kwa kipande cha kamba ya kiatu, na sisi wote alitukataza kamba za shingoni. Tulidhani ni mtindo wake.

Hayo nilikaa nayo kimya. Yalikuwa ya mzee, na alikuwa ameshastaafu filimbi, amebaki kutufundisha na kumshauri katibu wa waamuzi nani apangiwe mechi ipi. Kisha nikapangiwa fainali ya mkoa. Zambarau dhidi ya timu ya jezi nyeupe, uwanja wa Themi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Terrat, na hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kusimamia mechi ambayo watu walilia baada yake.

Simu iliingia nikiwa nasahihisha madaftari. Namba ngeni, sauti ya mwanaume, ya upole.

“Wewe ndiye mwalimu wa Terrat? Yule refa?”

“Ndiye mimi. Nani mwenzangu?”

“Mpenzi wa basketi tu, dada. Jumamosi usije upande wa ukuta wetu na hiyo filimbi. Unapanga Kwa Mrombo, eti? Geti la bluu?”

Akakata. Ile sauti ya upole ndiyo iliyoniumiza. Nikaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limeshafungwa. Wanafunzi walikuwa nje wanacheza, nami nikawa namtazama kila mtu mzima anayepita barabarani, nikijaribu kumvisha sauti ile.

Kesho yake mchana nikaenda dukani.

“Shikamoo, Mkufunzi.”

“Marahaba, mwalimu. Kaa. Umekula?”

“Sijisikii kula.”

Akanimiminia chai. Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja: “Umemwambia nani?”

“Wewe.”

“Na jana?”

“Hakuna mtu.”

“Hapo ndipo walipokushinda. Ujasiri si kunyamaza, mwanangu. Ukinyamaza umewaachia wao filimbi.” Palepale akampigia katibu, akamweleza yote neno kwa neno, akaomba mgambo uwanjani na taarifa ipelekwe polisi. Akanitaka niandike namba ile na kumpa jirani yangu wa karibu nakala. Alifanya yote kwa utaratibu, kama anakata kitambaa.

Kisha akanigeukia. “Sasa sikiliza. Naweza kumwambia katibu akupumzishe. Atamweka mwingine. Hakuna atakayekulaumu, na mimi wa kwanza sitakulaumu.”

“Na yule aliyepiga simu?”

“Atajua kwamba simu inafanya kazi. Mwakani atampigia mwingine.” Akachukua chaki, akaanza kuchora uwanja mezani, labda kwa mazoea tu. “Lakini hilo si deni lako peke yako. Geti la bluu ni la kwako peke yako. Fikiria vizuri.”

Nilifikiri. Nilitamani sana kusema nipumzishwe. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Badala yake likatoka jingine.

“Mkufunzi, wewe mbona pale Themi hubadilishani?”

Chaki ikasimama. Nje mtu alikuwa anabishana bei ya mahindi ya kuchoma. Akakaa, na aliyekaa alionekana mzee kuliko aliyekuwa amesimama.

“Uliona.”

“Niliona mkono.”

Akanieleza. Zamani, mimi sijaanza hata kazi hii, alipiga filimbi dhidi ya zambarau akiwa kona ile. Watu wakapita kwenye ule upenyo. Hakuwaona, alikuwa amewapa mgongo kama inavyotakiwa. Mmoja akaishika kamba ya filimbi kutoka nyuma, akaivuta. “Walikuwa wanacheka,” Mkufunzi akasema. “Hawakutaka kuniua. Ilikuwa mzaha kwao. Nilikuwa naona mlima, halafu nikawa siuoni.” Mwamuzi mwenzake alimtoa mikononi mwao. Juma lililofuata alirudi kazini, suruali imepigwa pasi, filimbi kidoleni.

“Nimewafundisha wote kusimama pale,” akasema. “Wewe, wenzako, wote. Mimi mwenyewe tangu siku ile sijasimama.”

“Sasa nifanyeje?”

Nilimfahamu miaka mingi, na hakuwahi kukosa jibu la mahali pa kusimama. Akatazama uwanja wake wa chaki.

“Sijui, mwalimu,” akasema.

Nadhani lile “sijui” ndilo lililonipeleka. Kama angeniambia nenda, ningeogopa peke yangu.

Jumamosi ilikuwa na baridi ile ya Julai inayoshuka kutoka mlimani na vumbi ndani yake. Ngazi zilijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta, miguu inaning’inia uwanjani. Mgambo walikuja, wawili, lakini walisimama karibu na meza ya waandishi wa matokeo, upande wa pili kabisa. Mwenzangu alikuwa kijana fundi umeme, mtu mwaminifu, tuliyemwita Fundi. Mkufunzi alikaa karibu na meza pia, kwenye kiti chake cha kukunja, shali shingoni, chupa ya chai miguuni.

“Mwalimu!” mtu akapaza sauti kutoka kwenye ngazi. “Rudi ukafundishe a, e, i, o, u!”

Wakacheka. Nilisikiliza kama ni sauti ya simu. Haikuwa. Sauti iliyofuata nayo sikuwa na hakika. Kila sauti ya upole ilinikaza mgongo.

Nilianza nikisimamia goli la upande wa mlima, mbali na ukuta. Nikapiga faulo, nikaenda mezani, nikaeleza. Fundi akaanza kuja tubadilishane. Na mkono wangu, bila ya mimi kuutuma, ukashuka pajani, kiganja chini. Baki.

Fundi akanitazama, akarudi. Nikafanya tena baadaye, na tena. Pale faulo iliyopigwa na Fundi iliponisukuma upande wa ukuta, nilijibana chini ya goli, nikawa naona migongo ya watu warefu na anga. Kocha wa nyeupe akaniuliza, kwa adabu kabisa, “Mwamuzi, hilo hujaliona?” Sikuwa nimeliona. Nilikuwa nasikiliza ukuta.

Wakati wa mapumziko hakuna anayeruhusiwa kuzungumza na waamuzi, na Mkufunzi hakuvunja kanuni hiyo. Alikuwa ananitazama tu. Aliutazama mkono wangu wa kulia, uliokuwa bado umelala pajani. Kisha akainuka, akakunja kiti chake, akaweka chupa kwapani, na akaanza kutembea.

Alivuka uwanja mzima, taratibu, mbele ya watu wote. Alikwenda hadi kwenye kona ya ukuta. Akakunjua kiti, akakiweka ndani ya ule upenyo, akakaa. Kwa nyuma yake ngazi nzima ya zambarau.

“Babu, umepotea? Benchi la wazee liko kule!”

“Hapa kuna jua,” akasema. Jua halikuwepo.

Nilimwona vizuri kutoka nilipokuwa. Mkono mmoja ulishika kikombe, na chai ilikuwa inamwagika ukingoni kidogo kidogo. Mwingine ulikuwa kooni, juu ya shali. Mtu aliyekuwa anaogopa kuliko wote uwanjani pale hakuwa mimi.

Kipindi cha pili kilipoanza nikapiga faulo, nikaenda mezani, nikaeleza. Fundi akasimama akisubiri kiganja changu. Nikamwonyesha: tubadilishane. Nikaenda upande wa ukuta, na mpira ulipokuja nikapanuka hadi konani. Nyuma yangu kulikuwa na pumzi za watu, maganda ya karanga yalinipiga begani, na mtu alisema jambo juu ya geti ambalo hadi leo sijui kama nililisikia kweli. Katikati ya hayo yote nilisikia kijiko kikigonga kikombe cha bati. Nikaitazama kazi yangu. Mianya ikafunguka, mmoja baada ya mwingine, kama majora yale ya dukani.

Mwishoni zambarau walikuwa nyuma kwa pointi moja, mpira wao, wakishambulia goli la ukuta. Mchezaji wao bora akaingia kutoka upande wangu, akaruka. Mlinzi wa nyeupe akaruka naye. Kutoka chini ya goli ingeonekana mwili mmoja. Kutoka kwenye ngazi pia, maana watu walikuwa nyuma ya goli. Kutoka konani niliuona mwanga kati ya mkono na mkono, niliuona mkono wa mlinzi ukigusa mpira, mpira peke yake. Mchezaji akaanguka. Ngazi nzima ikapiga kelele moja ya faulo. Filimbi ilikuwa mdomoni. Sikuipuliza. Honi ya meza ikalia, mchezo ukaisha.

Nataka uelewe jinsi kimya cha filimbi kinavyosikika mahali kama pale. Ni kikubwa kuliko filimbi yenyewe.

Kanuni ni kwamba usikimbie. Unatembea hadi katikati, unamkuta mwenzako, mnakwenda mezani pamoja. Nikageuka, nikaupa ukuta mgongo, nikaanza kutembea. Nilihisi shingo yangu yote, kila unywele. Nilisubiri mkono. Nyuma yangu nikasikia vishindo vya watu wanaoshuka ngazi kwa pamoja, kisha vishindo vikasongamana.

“Mzee, toka!”

“Natoka, natoka. Mguu umekufa ganzi.”

“Toka hapo, babu, tupite!”

“Ngoja nikunje kiti, mwanangu. Hiki kiti ni kikorofi. Kikombe changu kiko wapi? Wewe kijana, umekikalia?”

“Sijakalia kikombe mimi!”

“Inuka tuone.”

Nilipofika mezani nikathubutu kugeuka. Upenyo ulikuwa umezibwa na mzee mmoja wa suruali ya kijivu, kiti nusu kimekunjwa, shali imenasa kwenye bawaba, na nyuma yake kundi la watu wenye hasira walioshindwa kumsukuma kwa sababu angeweza kuwa baba wa yeyote kati yao. Wachache wa pembeni walianza kuukwea ukuta, lakini mgambo walikuwa wameshafika. Yule mchezaji aliyeanguka naye akaja, akawaambia watu wake, “Alichukua mpira. Mpira tu. Twendeni.”

Nilimkuta Mkufunzi baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, Fundi akiwa anamsaka bodaboda wake getini. Alikuwa ameegemea nguzo ya goli la upande wa mlima.

“Shikamoo, Mkufunzi.”

“Marahaba.” Nilimpa mkono. Wake ulikuwa wa baridi kama chuma. “Kipindi cha kwanza hukubadilishana.”

“Nilikuwa naogopa.”

“Nilikuona. Mkono ule ninaujua.” Akautazama wa kwake, akaukunja na kuukunjua. “Kikombe sijakipata. Kimebaki kule.”

“Nikuletee?”

Akatazama ng’ambo ya uwanja. Ngazi zilikuwa tupu, maganda ya karanga yakizunguka na upepo.

“Hapana,” akasema. “Twende wote.”

Tukavuka. Alinishika mkono juu ya kiwiko, na nilihisi kila hatua jinsi ilivyokuwa ikimgharimu. Kikombe kilikuwa chini ya ukuta, kimebonyea upande mmoja. Nikakiokota, nikakifuta kwa shati langu la uamuzi. Nilipoinuka, Mkufunzi alikuwa ameuachia mkono wangu. Alikuwa amesimama kwenye mstari wa mwisho, konani, ameupa ule upenyo mgongo. Akapanua miguu kidogo, akalitazama goli, akasogea hatua moja pembeni, akatulia.

“Mwalimu,” akasema, bila kugeuka. “Kumbe kutoka hapa mtu anaona vizuri hivi.”